Shajara ya mradi: kikundi cha taarabu Tanga chatafuta hela mtandaoni

8 Juni 2024: kabla ya kuanza

Sisi ni watu wanane wa taarabu, Ngamiani, Tanga. Mimi napiga kinanda na ndiye katibu. Shajara naiandika mimi, ila makosa yaliyomo ni ya wote. Kuna vikundi vinaniuliza kila wiki "mnafanyaje huko mtandaoni?", basi kuanzia leo nitawaelekeza hapa badala ya kurudia maneno.

Hali yetu kwa sasa: harusi moja tunalipwa kama shilingi 600,000. Ukitoa spika za kukodi, gari na chakula, kila mtu anaondoka na 40,000 hivi. Juu yake kuna hela ya kutunza, ile wageni wanayomletea mwimbaji jukwaani, na msimu ukiwa mzuri hiyo inapita malipo yenyewe. Kaseti zilikufa, CD zikafuata, na siku hizi DJ na laptopu yake anaichukua harusi kwa 150,000. Mji huu ndio wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu watu wakashangaa. Sifa hiyo haiingizi umeme kwenye luku.

Mpango ni kurekodi nyimbo sita, kuziweka kwenye mitandao ya kusikilizia muziki, kufungua chaneli ya YouTube, halafu tuone. Mfuko umetoa 900,000. Bi, yaani mwimbaji wetu mkuu, maana hilo ndilo jina tunalomwita sote, aliuliza swali moja tu kikaoni: "Mtu akiusikiliza huo wimbo huko aliko, mie ananilipa nani?" Nikamjibu kwa kujiamini sana.

30 Juni 2024: kurekodi

Studio mjini walitaka 100,000 kwa wimbo. Tukaona bora tununue vyetu: saundi kadi ya matundu mawili 290,000, maiki mbili za mtumba 160,000, nyaya na stendi 55,000. Jumla 505,000. Laptopu ninayo.

Chumba ni sebule ya mtunza hazina wetu. Siku ya kwanza tulirekodi mchana, na tulipokuja kusikiliza tukakuta feni, bodaboda, na bati linalolia likipigwa jua. Tukafuta zote. Siku ya pili tulianza baada ya Isha, magodoro yamesimamishwa ukutani, mablanketi juu ya kamba ya kuanikia, feni imezimwa, watu wanachuruzika jasho. Hapo ikawa sauti.

Fidla ilitusumbua kuliko vyote. Ukiiwekea maiki mbele yake inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Dawa tuliyoipata ni kuitundika maiki juu ya bega la mpigaji, mbali kama mita moja. Mzee wa fidla akasema miaka 40 hajawahi kujisikia hivyo, na mpaka leo sijui alikuwa anasifu au analaumu.

Bi naye alikataa spika za masikioni. "Nikijiziba masikio naimba na nani?" Tukakubaliana sikio moja. Bado akawa anaimba kama anasoma barua ya ofisini. Mwisho tukawaita majirani wanne wa kike waketi mbele yake, kwa sharti la kukaa kimya. Beti ya tatu wakashindwa, wakapiga vigelegele. Nilitaka turudie, wenzangu wakakataa. Tumeviacha.

Vinywaji na chakula kwa usiku tano: 48,000.

21 Julai 2024: kupakia

Spotify na Apple Music hazipokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii. Lazima upitie msambazaji wa mtandaoni. Wako wanaotoza ada ya mwaka na kukuachia mapato yote, na wako wa bure wanaokata asilimia. Tulichagua ada ya mwaka, ikafika kama 62,000 ya kwetu, tukalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu. Angalieni masharti kabla: kwa wengine, ukiacha kulipa nyimbo zinashushwa.

Sasa makosa.

La kwanza, jalada. Kijana alituchorea kwa 25,000 picha nzuri ya Bi na bahari ya Raskazone nyuma, na chini namba ya simu ya kukodi kikundi, kama tulivyozoea kwenye CD. Ikakataliwa. Jalada halitakiwi kuwa na namba wala anwani. Tukafuta.

La pili liliniumiza kichwa wiki mbili. Jina letu ni la kawaida, kumbe Mombasa kuna kikundi kinaitwa hivyo hivyo. Nyimbo zetu zikatua kwenye ukurasa wao, na mashabiki wao wakawa wanauliza huyu mama ni nani. Nilimwandikia msambazaji barua pepe tatu. Hatimaye tukaongeza neno "Tanga" mwisho wa jina na kupakia upya. Hapa kuna jambo muhimu: kila wimbo una namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Ukipakia upya, andika ileile ya mwanzo, la sivyo hesabu ya waliokwisha kusikiliza inaanza sifuri. Nyimbo nne niliandika. Mbili nikasahau.

La tatu ni la kuchekesha. Nilipokuwa najaza fomu niliweka tiki kwenye kisanduku cha kulinda sauti zetu YouTube. Tulipopandisha video yetu, YouTube ikatuambia tumetumia muziki wa mtu mwingine. Mtu huyo ni sisi. Msambazaji anaweza kuiruhusu chaneli yako, ila lazima umwambie.

2 Septemba 2024: wimbo wa zamani

Kati ya nyimbo sita, mmoja si wetu. Ni wimbo ambao kila mtu Tanga na Pangani anaujua kutoka harusini, nasi tuliuona wa wote, kama ngoma. Wiki ya pili baada ya kuupandisha YouTube, kampuni moja ya nje ikaudai, na mapato yakaelekezwa kwake.

Ndipo nikaenda kuisoma sheria. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtunzi huyu alifariki miaka ya 1990. Kwa hiyo wimbo si wa wote, si wa ile kampuni kwa kadiri tulivyoweza kujua, na sisi wenyewe tulikuwa tumeimba mali ya watu bila hodi. Nyimbo zetu tano zilizobaki tumezisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Haki unayo tangu unapotunga, ila cheti kinasaidia siku ya mabishano.

Tukafunga safari ya Pangani, mimi na Bi. Binti wa mtunzi anaishi Bweni, ng'ambo ya mto, tukavuka kwa pantoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akamtazama Bi kwa muda, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyeuimba wimbo wa baba ukaukata mkia." Kumbe kuna beti ya mwisho ambayo sisi hatukuwahi kuisikia. Akatuimbia pale barazani, huku akipepeta mchele. Baba yake alikuwa akiandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu za nazi, na daftari analo. Jina la kampuni iliyodai wimbo hakuwahi kulisikia maishani.

Tulikubaliana theluthi moja ya kila senti itakayoletwa na wimbo huo mtandaoni iende kwa familia. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili, zikagongwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Nauli na kilo mbili za sukari: 46,000. Tuliporudi nikapinga dai kule YouTube kwa kuieleza ile karatasi. Mdai anapewa siku 30 kujibu. Hakujibu, dai likaanguka. Tukarekodi tena, safari hii na mkia wake.

Karatasi ya Pangani ilizua jambo nyumbani. Mpiga besi akauliza, "Na sisi yetu iko wapi?" Hatukuwa nayo. Kikao kilianza saa mbili usiku kikaisha saa sita, na sitasimulia yote. Matokeo ni kwamba kwa nyimbo zetu, mtunzi wa mashairi anachukua robo, inayobaki inagawanywa sawa kwa wanane. Nyie anzeni na hili kabla ya kununua hata waya.

19 Novemba 2024: saa zilizopotea

YouTube haikulipi matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wafuasi tulipata kwa shemeji, mashangazi na wanafunzi wangu wa zamani. Saa ndizo ngumu. Wimbo wa dakika saba, mtu anatazama mbili anaondoka.

Nikawa na wazo. Tulikuwa na video ya saa tatu ya harusi ya Makorora, upande wa wanawake, iliyopigwa vizuri na mpiga picha wa kike. Nikaipandisha nzima. Watu wakaiacha inacheza huku wanapika. Ndani ya wiki tano tukafika saa 3,720.

Siku ya 17 mwezi huu, mama wa bibi harusi alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Aliketi, akakataa chai, akatoa simu, akanionyesha mwanawe anacheza bila mtandio, na chini yake maneno ya wanaume wasiomjua. "Katibu, wale walikuwa ndani, wanawake watupu. Wewe umefungua mlango." Sikuwa na la kusema. Nilishusha video mbele yake.

Video ukiishusha, saa zake zinaondoka nayo. Tukarudi 1,410. Vijana wawili kikundini walinuna wakasema ningeziba nyuso tu. Hapana. Ruhusa ya mpiga picha si ruhusa ya waliopigwa. Sasa tuna karatasi ya ruhusa kwa kila harusi, na tunajirekodi sisi tu, kamera haigeuki kwa wageni.

14 Januari 2025: malipo ya kwanza

Hesabu ya mitandao yote ya kusikiliza hadi mwisho wa Desemba: mara 9,200, dola 6.80. Karibu 17,000. Gawa kwa nane.

Nilimpelekea Bi taarifa mwenyewe, maana swali lake nililikumbuka. Akavaa miwani, akasoma, akaikunja karatasi mara nne. "Hii hainipeleki Raskazone na bodaboda na kunirudisha."

Mfumo uko hivi: mtandao unakusanya hela za mwezi kwenye chungu kimoja kwa kila nchi, kisha unagawa kwa hesabu ya kusikilizwa, na msikilizaji wa nchi ambako ada na matangazo ni rahisi analeta hela ndogo kuliko wengine. Tena tangu 2024, Spotify haiulipi kabisa wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka. Kwetu nyimbo mbili tu zilivuka huko. Unaoongoza ni ule wenye vigelegele vya majirani.

Hela hatujaitoa, makato ya kuitoa yangeila.

24 Februari 2025: kutunza kwa simu

Wazo hili ni la mtunza hazina. Alisema sisi hatujawahi kuishi kwa kuuza nyimbo, tumeishi kwa kutunzwa, na anayetunza bado yupo, yuko Muscat au Dar, simu mkononi. Basi tupige laivu ya Facebook, Jumamosi usiku, sebuleni palepale.

Tuliandika namba kubwa kwenye shuka tukaitundika nyuma ya Bi. Laivu ya kwanza, 8 Februari, watazamaji 140, makusanyo 12,000. Tulidhani watu ni wagumu, kumbe kamera ya mbele ilikuwa inapindua picha na namba inasomeka kinyumenyume. Wawili waliotuma walisoma kwa kioo. Tukageuza simu, kamera ya nyuma, na tukanunua taa ya duara na tripodi, 65,000.

Kosa la pili: namba ilikuwa ya mtunza hazina mwenyewe. Hela ya kikundi ikachanganyika na ya vitumbua vyake, na mumewe akaanza kuuliza ni nani hawa wanaomtumia hela usiku. Tumehamia lipa namba yenye jina la kikundi.

Lakini lililobadilisha mambo ni jingine. Ukumbini, mtu anapotunza anatoka kwenye kiti, anacheza taratibu na noti yake mpaka jukwaani, ukumbi mzima unamwona. Anachonunua ni kule kuonekana. Kwenye laivu anabonyeza simu gizani, nani kamwona? Basi tukamweka mpiga tari pembeni na simu ya kikundi. Ujumbe ukiingia anamnong'oneza Bi jina, na Bi analichomeka kati ya mistari bila kukata wimbo: kaingia mama fulani wa Chumbageni, kaja na watoto wake. Usiku tulioanza hivyo, 187,000. Uliofuata, 231,000.

Nao ukaja na msala wake. Taarabu ni mafumbo, na mtu hutunza beti ili imfikie anayemkusudia. Mama mmoja alituma 20,000 na maneno, "hii ni ya jirani yangu wa geti la bluu." Bi, katika raha zake, akaisema. Asubuhi jirani wa geti la bluu alikuwa mlangoni kwetu. Tumetunga sheria: jina la anayetunza tunalitaja, la anayepigwa kijembe halitajwi. Abaki anajijua mwenyewe.

4 Machi 2025

Ramadhani. Hakuna laivu, hakuna harusi, nimezima na chaneli. Mwezi huu narekebisha ISRC za zile nyimbo mbili.

26 Aprili 2025: matapeli, na wimbo wa jina

Baada ya Idd tulirudi kwa nguvu, na matapeli wakarudi nasi. Katikati ya laivu, akaunti yenye picha ya Bi iliandika kwenye maoni, "namba imebadilika, tuma kwenye hii." Watu watatu tunaowajua walituma. Hatukuweza kuwarudishia. Sasa kila baada ya wimbo Bi anasema jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, na kijana mmoja kazi yake ni kufuta maoni tu. Usianze laivu bila mtu huyo.

Biashara mpya ilikuja yenyewe. Dada mmoja wa Muheza aliomba Bi aimbe jina la bibi harusi kwa dakika moja, wampigie akiingia ukumbini. Muziki mtupu wa nyimbo zetu tunao tayari kwenye laptopu, kwa hiyo ni kumwekea Bi maiki, dakika 40, kazi imekwisha. Tulitoza 30,000 kwa wanne wa kwanza, tukaona foleni, tukapandisha 60,000. Hela kwanza, na majina yaandikwe, yasitumwe kwa sauti. Tumewahi kumwimba "Zuhura" kumbe ni "Zahara", na harusi ni kesho yake.

Laivu tunazipandisha pia YouTube, ni saa mbili mbili za sisi wenyewe. Saa 4,000 tumevuka, na chaneli imekubaliwa.

30 Juni 2025: hesabu ya mwaka

Matumizi: vifaa 505,000, jalada 25,000, msambazaji 62,000, bando 240,000 kwa mwaka, vinywaji na chakula 48,000, Pangani 46,000, taa na tripodi 65,000. Jumla 991,000, tumevuka bajeti kwa 91,000.

Mapato: laivu tisa 1,463,000. Wimbo wa jina 23, jumla 1,260,000. Mitandao ya kusikiliza dola 14.20, bado imekaa kule. YouTube dola 38, na hawatumi mpaka ifike 100. Wao wanachukua 45% ya matangazo, sisi 55%, na sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani inakatwa kodi ya kwao 30%. Watazamaji wetu wa huko ni wachache, haituumi.

Familia ya Pangani wameshapata 58,000. Mgawo wao kwenye laivu tuliukwamia kwanza, maana hela inaingia mfululizo, utajuaje ni ya wimbo upi? Mpiga tari ndiye aliyetutoa: kila ujumbe wa malipo una saa na dakika. Anaandika wimbo wao umeanza saa ngapi, umeisha saa ngapi, na kilichoingia humo katikati ndicho tunachokata theluthi.

Kila mtu amepata 150,000, na 474,000 imebaki mfukoni kwa maiki mpya.

Lililobaki ni PIN. Mapato yakifika dola 10, Google, wenye YouTube, hutuma namba ya siri kwa posta kuthibitisha anwani, na usipoijaza ndani ya miezi minne matangazo yanasimama. Ilitumwa Mei. Nimengoja, nimelalamika kwa kila mtu, mpaka juzi nilipofungua akaunti na kuona nimeandika sanduku la shule niliyoacha kufundisha zamani. Nimebadilisha na kuomba nyingine. Kesho napitia shuleni kwanza, huenda karani kaiweka barua.